Mita 18 Hadi Getini

Ngazi imeegemea nguzo ya geti. Fundi ameshatoboa matundu manne, skrubu za kamera ya Wi-Fi zimekaza, karatasi ya kwenye lenzi imebanduliwa. Chini yuko mwenye nyumba na simu mkononi. Picha ni safi mpaka namba ya bodaboda inayopita inasomeka.

"Umeona, bosi? Iko vizuri."

Hiyo ni saa tisa alasiri. Geti liko wazi, gari halijarudi, watoto wako shule.

Saa mbili usiku geti limefungwa, gari limeegeshwa nyuma yake, sebuleni katuni zinatiririka kutoka intaneti. Mtu anagonga. Programu ya kamera inafunguliwa, na kiduara kinaanza kuzunguka. Kinazunguka weee, kisha maandishi: kifaa hakipo mtandaoni.

"Fundi, mbona inazunguka tu?"

"Sogeza ruta kidogo, bosi."

Kutoka kwenye ruta hadi hapo getini ni mita 18. Hatua zisizofika 25 za mtu mzima, ndani ya kiwanja cha kawaida cha 20 kwa 30, kama vile vya Goba au Kivule, Dar es Salaam.

Swali la kwa nini Wi-Fi ishindwe mita hizo 18 limenikaa kichwani wiki kadhaa. Kinachokera ni kwamba kila jibu la haraka linaishia dukani: nunua ruta kubwa, nunua ripita ya kupokea Wi-Fi na kuirusha tena, nunua kamera ya bei zaidi. Watu wananunua, na kiduara kinaendelea kuzunguka.

## Mita za uwanja wa mpira

Namba kama "mita 100" zinazochapwa kwenye maboksi ya ruta na kamera si za uongo. Ni mita za katikati ya uwanja wa mpira: hakuna ukuta, hakuna Wi-Fi ya jirani, antena mbili zinatazamana peupe.

Nguvu ya mawimbi hupimwa kwa dBm, yaani desibeli kulinganisha na miliwati moja, na kwenye Wi-Fi namba zake huwa za hasi. Iliyo karibu na sifuri ndiyo yenye nguvu. -50 ni neema. -60 ni nzuri. -67 ndiyo mstari ambao video haipendi kuushuka. Kwenye -75 picha inaanza kukohoa, na ukifika -80 kamera inashika leo na kuachia kesho.

Ukizidisha umbali mara mbili mahali peupe unapoteza desibeli 6. Ukipoteza desibeli 3 nguvu imebaki nusu. Ukipoteza 10 imebaki sehemu moja ya kumi.

Sasa tupige hesabu ya lile geti. Ruta ya kawaida kwenye masafa ya gigahezi 2.4 hutoa kama dBm 20. Mita 18 za peupe zinakula desibeli 65. Inabaki -45.

-45! Kwa mita peke yake, kamera ya getini ingepaswa kuonyesha picha kama iko juu ya meza ya sebuleni.

Kwa hiyo mita hazina kosa.

## Kilichosimama katikati

Ukuta wa tofali za bloku uliopigwa plasta pande mbili unakula kama desibeli 6 hadi 10. Ruta ikiwa sebuleni, mawimbi yanapita ukuta wa ndani, kisha ukuta wa nje: tuseme 17 kwa jumla. Tumeshafika -62. Kisha kamera imefungwa upande wa nje wa nguzo ya geti, inatazama barabara. Nguzo hiyo ni zege lenye nondo nne na ringi zake, na zege la namna hiyo hula 15 bila shida. Tuko -77.

Na bado hatujalitaja geti lenyewe.

Bati ni kioo kwa mawimbi haya. Hayapiti, yanarudi yalikotoka. Geti la bati likiwa wazi alasiri, mawimbi yanatoka hadi barabarani kupitia uwazi, yanagonga ukuta wa jirani wa mbele, yanarudi kwenye kamera. Ndiyo maana fundi aliona picha safi. Likifungwa usiku, ule mlango uliokuwa ukilisha kamera umezibwa kwa chuma cha mita nne. Gari likiegeshwa nyuma yake, hilo ni bati la pili.

Kipimo cha alasiri kilikuwa cha nyumba nyingine kabisa.

Grili za dirishani watu huzilaumu bure. Wimbi la gigahezi 2.4 lina urefu wa sentimita 12.5, na grili nyingi zina nafasi za upana unaokaribia huo au zaidi, hivyo mawimbi yanachujwa kidogo na kupita. Mwizi halisi wa dirishani ni wavu wa mbu. Upo wavu wa nyuzi za plastiki au faiba, ambao mawimbi hayaujui kabisa. Upo na wavu wa waya wa alumini, wenye vitundu vya milimita moja au mbili, ambao kwa Wi-Fi ni bati lenye hewa. Kuvitofautisha ni rahisi: kunja kona ya wavu kwa kidole. Ukibaki umekunjika, ni chuma. Ukirudi, ni plastiki.

Vioo vile vinavyong'aa kama miwani ya polisi, ambavyo mtu wa nje anajiona sura, navyo vina utando mwembamba wa metali. Vinaweza kula desibeli 10 na zaidi. Nyumba mpya yenye madirisha ya alumini, vioo vya kung'aa na wavu wa waya imejifungia Wi-Fi ndani bila kujua. Sebuleni intaneti inapaa, ukitoka barazani inakufa.

Kuna na kosa la sentimita chache. Kamera yenye antena ndani yake ikigandishwa moja kwa moja juu ya bomba la chuma au bati la geti, chuma kile kinaivuruga antena. Iondoe kwenye chuma walau sentimita 12 hadi 15, kwa mkono wa plastiki au kipande cha mbao ngumu kilichopakwa rangi. Kipande cha mbao cha bure kimewahi kuzidi ripita ya pesa nyingi kwa faida.

## Muadhini

Hapa ndipo fikra zangu ziligeuka.

Muadhini wa msikiti wa mtaa wa pili unamsikia vizuri kila alfajiri. Sasa jaribu kumjibu kutoka uani kwako. Yeye ana kipaza sauti juu ya mnara. Wewe una koo.

Ruta ni muadhini. Kamera ni mtu wa uani.

Vijiti vya Wi-Fi unavyoviona kwenye programu ya kamera mara nyingi vinasema jambo moja tu: kamera inaisikiaje ruta. Lakini video inakwenda upande wa pili, kutoka kamera kwenda ruta. Na kamera ndogo, yenye antena ya urefu wa kidole iliyobanwa pamoja na ubao wa saketi, mara nyingi hutoa dBm 15 au pungufu. Desibeli 5 chini ya ruta. Zile -77 za kusikia zimekuwa -82 za kusikika.

Hapo ndipo penye kile kiduara. Kamera inaonyesha vijiti viwili, mwenye nyumba anaona netiweki ipo, na ruta kule sebuleni haisikii kitu zaidi ya mnong'ono.

Ushauri wa "nunua ruta yenye nguvu" unatakiwa uulizwe swali moja: nguvu ya kusema au ya kusikia? Ruta inayoongeza sauti yake tu imempa muadhini kipaza sauti kikubwa zaidi. Utaona vijiti vinaongezeka na video haibadiliki. Kinachosaidia pande zote mbili ni antena: antena bora kwenye ruta inasema vizuri na inasikia vizuri pia. Vilevile mahali bora. Ruta ikitoka nyuma ya televisheni na kupandishwa juu ya kabati, karibu na dirisha linalotazama geti, faida hiyo inakwenda na kurudi.

Na tukiwa kwenye antena: ile fimbo haitoi mawimbi kwenye ncha yake. Inayatoa ubavuni pande zote, kama tairi la baiskeli lililozunguka ekseli. Wengi huilaza na kuielekeza getini kama bunduki, yaani wanaigeuzia kamera upande wenye njaa. Isimamishe wima. Kama kamera nayo ina fimbo ya nje, isimame wima pia. Moja ikilala na nyingine ikasimama unapoteza tena, na peupe hasara hiyo inaweza kupita desibeli 10.

## Pima palepale

Kupima kwa kusimama getini na kuangalia vijiti vya simu ni kujidanganya. Simu nzuri ina antena bora kuliko kamera, tena umeishika kifuani, nje ya kivuli cha nguzo.

Tumia simu ya Android na programu inayoonyesha dBm kwa namba, kama WiFi Analyzer. iPhone haikupi namba hizo kirahisi; azima ya jirani. Kwanza ingia kwenye ruta utenganishe majina ya Wi-Fi, moja la gigahezi 2.4 na jingine la 5. Kamera nyingi za bei ya kawaida zinajua 2.4 tu, na simu yako ikiwa imeshika 5 unapima barabara ambayo kamera haitapita. Kutenganisha huko kunaponya pia ule ugonjwa wa kamera kugoma kuunganishwa siku ya kwanza. Ikigoma bado, angalia ulinzi wa nenosiri: kamera za zamani hazielewi WPA3, zinataka WPA2.

Panda ngazi. Weka simu mahali hasa kitako cha kamera kitakapokaa, nyuma ya nguzo kama ni nyuma ya nguzo. Nyoosha mkono, mwili wako usiwe kati ya simu na nyumba, maana binadamu ni mfuko wa maji na maji yanakunywa masafa haya. Subiri nusu dakika. Namba itacheza, -61, -66, -63. Andika iliyo mbaya.

Geti lifungwe. Gari liwe mahali pake. Rudia saa mbili usiku, majirani wakiwa nyumbani na intaneti zao.

Kipimo changu ni hiki: simu ikisoma -60 au bora zaidi, toboa. Kati ya -60 na -65, unaweza, ila ujue akiba ni ndogo. Ikifika -70, shuka kwenye ngazi na uache drili kwenye mkoba.

Hata baada ya hapo usitoboe siku ileile. Chukua mpira wa tyubu ya baiskeli, kata utepe, ifunge kamera kwenye nguzo kwa mpira huo na uiache usiku mbili. Kamera ikiwa pale, kaa na kompyuta iliyo kwenye mtandao uleule, tafuta ndani ya ruta anwani ya IP ya kamera, yaani namba inayoitambulisha kwenye mtandao, kisha kwenye Windows fungua Command Prompt uandike amri hii, inayoiita kamera mara 200 na kupima inachukua muda gani kujibu:

ping -n 200 192.168.1.50

(Weka anwani ya kamera yako mahali pa hiyo.) Majibu yakirudi chini ya milisekunde 10 na kutulia hapo, umefika. Yakiwa 5, 8, 340, 6, 900, kamera inarudia maneno yaleyale mara nyingi kabla ruta haijasikia. Yakipotea zaidi ya mawili katika 200, sitaiamini kamera hiyo kunionyesha uso wa mtu. Kamera za betri zisihukumiwe kwa kipimo hiki, maana zinalala kwa makusudi na hazijibu zikiwa usingizini. Kwa hizo, angalia betri: ikiisha haraka kuliko ya mwenzake aliye karibu na nyumba, netiweki dhaifu ndiyo inayoinywa, kwa kuwa kamera inatumia muda mrefu ikiwa macho kurusha kipande kilekile.

## Mmoja anayeongea polepole

Nilidhani kamera yenye netiweki mbovu inajidhuru yenyewe tu. Sivyo.

Wi-Fi ni kikao chenye kipaza sauti kimoja: akiongea mmoja wengine wananyamaza. Kifaa kilicho karibu kwenye 2.4 kinaweza kuongea kwa kasi ya megabiti 65 kwa sekunde. Kikiwa mbali kinashuka mpaka 6.5 ili kieleweke. Video ya kamera moja inataka megabiti 2 hivi. Kwa aliye karibu hizo ni sekunde chache za kila dakika ya kikao. Kwa aliye mbali, ukiweka na marudio yake, zinakaribia nusu ya muda wote. Kamera mbili za namna hiyo, na mtoto wa sebuleni analalamika katuni inaganda ilhali bando lipo.

Punguza ubora kidogo ikibidi. Kamera ikiweza H.265, njia mpya ya kubana video, iwashe, maana video ileile inapita kwa megabiti pungufu kuliko kwa H.264 ya zamani. Upana wa chaneli, yaani njia ya hewani ambayo ruta inaongelea, kwenye 2.4 uweke megahezi 20, usikubali 40. Chaneli iwe 1, 6 au 11, ile ambayo majirani hawajaijaza, na iache hapo. Ruta iliyowekwa kujichagulia yenyewe huweza kuhama usiku wa manane na kuacha kamera ikitafuta. Chaneli 12 na 13 ziepuke, kwa kuwa baadhi ya kamera haziioni kabisa Wi-Fi iliyo huko.

Kama unahifadhi kila kitu kwenye seva za nje badala ya memori kadi, kumbuka pia kwamba megabiti 2 mfululizo ni gigabaiti 0.9 kwa saa, 21.6 kwa siku. Kwa bando la simu hiyo ni kesi nyingine. Memori kadi ndani ya kamera, na kurusha nje vile vipande vya mwendo tu.

## Inayokatika saa moja jioni

Kuna malalamiko moja yanayofanana kila mahali: kamera nzima mchana kutwa, giza likiingia inakata, inarudi, inakata. Watu wanahama ruta, wanabadilisha chaneli, wananunua ripita.

Saa moja jioni. Kila siku saa moja jioni.

Netiweki haijui jua limezama. Adapta inajua.

Giza likiingia kamera inawasha taa zake za infraredi. Kamera ndogo ya volti 12 iliyokuwa inakula ampea 0.3 mchana inaweza kufika 0.8. Sasa angalia waya: fundi amechukua jozi moja ya waya mwembamba wa mtandao, mita 20, akapeleka volti 12 kutoka sebuleni. Mita 20 kwenda na 20 kurudi za waya ule zina ukinzani wa karibu omu 3.5. Zidisha kwa 0.8: volti 2.8 zimebaki njiani. Getini zinafika 9 na kidogo. Kamera inazima, taa zinazimika, mzigo unapungua, volti zinapanda, kamera inawaka, inaona giza, inawasha taa. Inazunguka hivyo mpaka asubuhi.

Kamera za volti 5 zinazotumia kichwa cha USB ni mbaya zaidi. Mita 10 za waya ule zinaweza kula volti 1.2 kati ya 5. Waya wa USB wa kuungaunga mpaka getini ni kupoteza jioni yako.

Na waya wenyewe uukague. Kwaruza kwa kisu: ukiona weupe chini ya rangi ya shaba, ni alumini iliyopakwa shaba, ukinzani wake ni mkubwa zaidi na unakatika ukikunjwa. Tumia shaba tupu. Kwa volti 12 mita 20, waya wa milimita za mraba 1.5 unapoteza volti 0.4 tu kwa mzigo uleule. Au fundi umeme apeleke 230 mpaka kwenye kiboksi kisichoingia maji karibu na geti, adapta ikae humo, waya wa kamera uwe wa mita moja.

Umeme ukikatika jambo ni fupi: ruta iwe na kibetri chake cha akiba cha volti 12, na kamera iwe na chake. Kimoja kikikosa, kingine hakina kazi.

## Ripita mahali pabaya

Kiu iko getini, basi ripita inawekwa getini. Ndivyo inavyofanywa, na ndivyo inavyoshindikana. Ripita pale getini inasikia ile -77 ileile iliyoishinda kamera, kisha inaitangaza kwa nguvu. Vijiti vinajaa na kiduara kinazunguka.

Iweke pale ambapo yenyewe bado inaisikia ruta kwa -60 au bora zaidi, na kutoka hapo inaiona kamera bila ukuta. Kwenye nyumba nyingi hapo ni barazani, au dirisha la chumba cha mbele lisilo na wavu wa waya. Ripita ya redio moja inasikia kwanza kisha inasema, hivyo kasi inagawanyika nusu; kwa kamera moja au mbili inavumilika.

Lakini rudi kwenye hesabu ya mwanzo uone kinachojitokeza. Kati ya mita 18, nane ziko ndani ya nyumba na kumi ni ua mtupu. Kuta mbili zinazotuumiza ziko kwenye zile nane. Ukivuta waya wa mtandao kutoka kwenye ruta kupitia juu ya dari ya jipsamu hadi barazani, mita 12 au 15 pamoja na kona zake, na kufunga hapo kifaa cha kutolea Wi-Fi cha nje, mita 10 za ua zinakula desibeli 60. Getini inafika -40. Toa nguzo ya zege, -55. Toa 5 za udhaifu wa kamera, kifaa cha barazani kinasikia -60 ambapo ruta ilikuwa inasikia -82. Tofauti ya desibeli 22 ni nguvu mara 150 na zaidi, kwa waya wa mita 15.

Na hapo shaka yangu kubwa ikaanza. Ukishavuta waya mpaka barazani, mbona usiuvute mita 10 zaidi?

Waya wa mtandao unabeba mita 100 bila kulalamika. Ukitumia kamera ya PoE, umeme unapita humohumo kwa volti 48 hivi, na kwa volti hizo hasara ya njiani haisumbui mtu. Hakuna antena, geti lifungwe au lisifungwe, jirani abadilishe chaneli asibadilishe. Mwenye kifaa cha kuvuruga mawimbi naye hana la kufanya. Gharama yake ni kuchimba: bomba la plastiki chini ya ardhi, waya wa nje wenye ganda jeusi linalostahimili jua. Usiupitishe hewani kutoka nyumba hadi geti kama kamba ya nguo. Radi ya karibu inapita humo mpaka kwenye ruta.

Kwa ukuta wa nyuma, kona ya jiko, mlango wa barazani, kamera ya Wi-Fi inatosha kabisa na sioni sababu ya kuchimba. Geti ni kesi ya peke yake. Tunataka tuone hapo kuliko kote, na hapo ndipo tumejenga zege, nondo na bati kuliko kote. Kama pesa ya waya ni ya sehemu moja tu, ningeiweka hapo. Kama plasta imeshapigwa, matofali ya uani yameshalazwa na hakuna anayekubali kuyang'oa, basi kifaa cha barazani, na kamera ihamie upande wa ndani wa nguzo, juu, mita 2.5 hadi 3, ichungulie barabara juu ya geti. Utapoteza pembe kidogo ya picha na kurudishiwa desibeli 15 za nguzo.

Banda la mbali au duka la barabarani lililo mita 50 na zaidi linataka jozi ya antena za nje za gigahezi 5 zinazotazamana, moja nyumbani na moja huko. Zitazamane kweli: kwa mita 50, katikati ya njia pawe wazi walau sentimita 80 kila upande wa mstari, pasiwe na tanki la maji wala ukingo wa bati.

## Mwembe wa Januari

Mvua yenyewe haidhuru Wi-Fi ya nyumbani. Matone hayana uzito wowote kwa gigahezi 2.4 kwenye umbali wa ua. Watu wakisema "mvua inakata kamera" wameona kitu cha kweli, ila wamemtaja asiye mhusika.

Mhusika ni mwembe. Jani ni maji yaliyofungwa kwenye ngozi, na likilowa linakuwa maji juu ya maji. Mti wenye kivuli kizito kati ya baraza na geti unachukua desibeli kadhaa siku kavu, na zaidi ukiwa umelowa. Ukuta wa bloku usiopigwa plasta nao unakunywa mvua na kuongeza bei yake. Kamera iliyofungwa Januari kwenye -66, ikafanya kazi miezi miwili bila kosa, masika yakishika Aprili inakuwa -73, na fundi anaitwa kuja kubadilisha kamera nzima.

Kwa hiyo kabla ya kukaza skrubu ya mwisho, andika kwa penseli ukutani, mahali kitako cha kamera kitakapofunika: tarehe, saa, geti limefungwa, gari ndani, na namba uliyosoma. Fundi atakayepanda ngazi hiyo Aprili atafungua skrubu nne, asome -61, aweke simu yake palepale.